Usimfiche mtoto shimoni: hadithi yako ya kisayansi inahitaji sayansi kiasi gani

Hadithi yangu ya kwanza ya kisayansi niliisoma kwa sauti jikoni kwa shangazi yangu, Ndosho, akiwa anachambua maharage. Ilikuwa na watu waliohamia kwenye mwezi wa sayari ya mbali, miti inayozungumza kwa mwanga, na mashine inayounga mfupa uliovunjika kwa usiku mmoja. Shangazi alisikiliza yote hayo bila kunikatiza. Kisha nikafika mahali ambapo volkeno ya mwezi ule inatoa gesi ya sumu. Msichana wangu shujaa anakimbia na mdogo wake, anaona korongo, anamlaza mtoto chini kabisa ili gesi ipite juu yao.

Shangazi akaacha maharage. "Weee! Unaweka mutoto mu shimo? Mazuku itamuua."

Nikamwambia, Shangazi, hapo si Goma, ni mwezi wa mbali sana.

"Hata kama ni wapi. Ile hewa iko nzito. Inashuka chini sawa maji. Huyo dada yake hana akili, mimi simufuati tena."

Akarudi kwenye maharage yake, na hadithi ikafia hapo. Mimi nafundisha kemia katika shule ya sekondari hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Ninajua kwa namba kile ambacho yeye anakijua kwa kupoteza mbuzi: mazuku ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, upande wa Mugunga na Bulengo hasa, nayo ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu. Usiku usio na upepo inajaa kwenye mabonde madogo kama maji kwenye beseni. Mtu mzima anaweza kupita kichwa kikiwa juu ya gesi. Mtoto anayemfuata, kichwa chake kimo ndani. Hayo yote niliyajua, na bado niliandika kinyume, kwa sababu nilidhani nikianza kubuni ninaruhusiwa kuiacha kemia darasani.

Sasa kila Jumamosi ninakaa na vijana wachache wanaoandika hadithi za namna hii, na swali lao la kwanza halibadiliki: "Madamu, sayansi iwe ya kweli kiasi gani?" Ninawaeleza hivi ninavyofanya mwenyewe.

Anza na kile msomaji anachokijua kwa mwili wake

Msomaji wako ana sayansi mbili. Moja aliisoma shuleni na nyingi ameisahau. Nyingine imo katika mikono, pua na magoti yake, na hiyo hasahau kamwe. Shangazi alikubali miti inayozungumza kwa sababu hana habari nayo. Shimo lenye gesi analo umbali wa kutembea kwa miguu.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora ramani ya sayari yako, andika orodha fupi: watu wangu wamekwisha kuungua na nini, wamebeba nini, wamepika nini, wamekimbia nini? Hapo usikosee hata kidogo. Mtu wa Goma anaijua lava. Anajua kwamba ile ya Nyiragongo, volkeno yetu, ni nyepesi, inatiririka. Mwaka 1977 ilishuka mteremkoni kwa kasi ambayo hakuna mtu angeweza kuikimbia. Tarehe 17 Januari 2002 iliingia mjini, na mitaani ilipunguza mwendo kiasi kwamba watu walipata muda wa kujitwisha godoro na kuondoka. Tarehe 22 Mei 2021 ilikuja tena, ikasimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu hawa leo wanajenga nyumba za mbao juu ya mawe hayo hayo. Ukiwaandikia shujaa anayesimama hatua mbili kutoka mto wa moto, anabishana na adui yake kwa ukurasa mzima, watakufungia kitabu. Joto lenyewe lingewafukuza wote wawili kabla ya sentensi ya pili.

Jiko nalo ni maabara. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa huku juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye 95 hivi. Kila mpishi aliyehamia hapa kutoka pwani anaona maharage yanavyokawia. Kijana mmoja wa Jumamosi aliandika kijiji ndani ya kuba kubwa huko Mirihi, na kwa akili nzuri kabisa akapunguza mgandamizo wa hewa ya ndani uwe nusu ya ule wa usawa wa bahari, ili kuta zisilemewe. Wahandisi wa kweli wamefanya zaidi ya hapo: wanaanga wa Apollo waliishi safarini katika oksijeni tupu yenye mgandamizo wa karibu theluthi moja. Lakini katika ukurasa uliofuata mama mmoja wa kijijini anapika maharage kwenye sufuria ya wazi, yanaiva kwa saa moja. Kwa mgandamizo wa nusu, maji yanachemka kwenye nyuzi 81 hivi. Yale maharage yangekaa motoni siku nzima na bado yangekuwa na kokoto ndani.

Nilimwachia swali tu: watu hawa wanakula nini basi? Akarudi baada ya wiki mbili. Katika kijiji chake sufuria ya presha sasa ni mali kuliko zote. Familia ya bwana harusi haiwezi kupeleka mahari bila sufuria mbili, na kuna bibi anayeazimisha ya kwake kwa saa, anaandika kwenye daftari. Hiyo ndiyo sababu ninaijali sayansi katika hadithi, si kwa kuchukia makosa tu. Ilimletea kijana yule mila, uchumi na bibi mwenye daftari, vitu ambavyo asingevipata kwa kukaa na kuwaza tu.

Karibisha uongo mmoja, mlangoni, mchana kweupe

Wasimulizi wa pwani hufungua kwa kusema: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Uongo unaitwa kwa jina lake, msikilizaji anaukaribisha, na hakuna aliyedanganywa. Fanya hivyo hivyo. Chukua ukurasa wa kwanza wa daftari uandike sentensi moja inayoanza na "Uongo wangu ni huu." Kwa mfano: uongo wangu ni huu, kuna chombo kinachosafiri haraka kuliko mwanga. Fizikia tunayoijua haikubali. Mwanga unakwenda karibu kilometa 300,000 kwa sekunde na hakuna kitu chenye uzito kinachoufikia. Haidhuru. Umekaribisha. Usijaribu hata kuueleza kwa kurasa nne za maneno makubwa, maana kadiri unavyoeleza ndivyo unavyomfundisha msomaji mahali pa kutilia shaka.

Ukiona sentensi yako inahitaji "na pia" mara mbili, una uongo wa tatu tayari. Punguza. Na uongo wako uonekane mapema. Msomaji akikutana na mashine ya kurudisha wafu katika sura ya tisa, siku ile shujaa amekufa, atajua umeitoa mfukoni kwa sababu umekwama.

Kisha lipa madeni yake

Kila uongo unaleta maswali ambayo hadithi lazima iyajibu; hayo ndiyo madeni. Hapa ndipo kazi iko, na hapa nitakaa.

Kijana mwingine, baba yake ni mvuvi wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa, aliandika kuhusu Wakongomani wanaorusha roketi kutoka Goma kwa gesi ya Ziwa Kivu. Alipoisoma, wenzake walicheka. Akanijia pembeni: "Madamu, banasema gesi ya ziwa haiwezi kupandisha roketi."

Nilimwambia wazo lake lilikuwa na miguu kuliko yeye mwenyewe alivyodhani. Chini ya ziwa letu, lenye kina cha mita 485 mahali penye kina kirefu zaidi, kumeyeyuka takriban kilometa 300 za ujazo za kaboni dayoksaidi na kilometa 60 za ujazo za metani. Metani ni fueli ya roketi ya kweli: Julai 2023 roketi ya Kichina iitwayo Zhuque-2 ilikuwa ya kwanza duniani yenye kuchoma metani kufika kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia. Roketi nchini Kongo pia si ndoto mpya. Mwaka 1977 kampuni ya Kijerumani, OTRAG, ilirusha za majaribio huko jimbo la Shaba, yaani Katanga, na baadaye mhandisi wetu Jean-Patrice Keka akarusha zake alizoziita Troposphère. Pia Goma iko karibu sana na ikweta, na karibu na ikweta dunia yenyewe inakusukuma kuelekea mashariki kwa zaidi ya mita 460 kila sekunde. Chombo kinahitaji karibu kilometa 7.8 kwa sekunde ili kibaki kwenye mzingo wa chini. Msukumo huo wa bure ni mdogo, ila wanaorusha roketi hulipia kwa bei kubwa msukumo mdogo kuliko huo.

Yule kijana akafurahi, akataka kwenda kuandika. Nikamzuia, tukakaa na daftari. Uongo wake ulikuwa mmoja: nchi yetu imepata fedha na amani ya kutosha kufanya jambo hili. Uongo mzuri, ninaupenda. Sasa madeni.

Deni la kwanza, gesi inatokaje? Hili lina jibu zuri ajabu. Unashusha bomba hadi chini, unavuta maji kidogo kwa pampu, na yanapopanda mgandamizo unapungua, mapovu yanatoka, yanayasukuma maji yenyewe hadi juu, kama chupa ya bia iliyotikiswa. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, mtambo wa KivuWatt unafanya hivyo na kuzalisha umeme wa megawati 26 hivi. Lakini maji yaliyokwisha kutoa gesi unayarudisha wapi? Yakimwagwa juu, yale ya chini yasiyo na oksijeni yatawafikia sambaza. Yakirudishwa kina kisichofaa, unavuruga matabaka yanayoifungia gesi chini. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba atakasirika." Ndiyo. Hadithi yake ikapata ugomvi wa kwanza: mhandisi na baba yake mvuvi, meza moja, sahani moja ya sambaza.

Deni la pili ni la kemia yangu. Gramu 16 za metani zinataka gramu 64 za oksijeni ili ziungue zote. Kwa hiyo mzigo mkubwa kwenye tangi la roketi ya gesi ya ziwa hautoki ziwani hata kidogo, unatoka hewani, na angani huko juu hakuna hewa ya kuazima. Oksijeni lazima igandamizwe na kupozwa hadi nyuzi 183 chini ya sifuri iwe kimiminika, metani hadi 162 chini ya sifuri. Baridi hiyo ni umeme, usiku na mchana, katika mji ambao mtu akisema "kuran imerudi", yaani umeme, watoto wanapiga kelele za furaha. Nani anazimiwa ili tangi lipoe? Hospitali? Vinu vya unga vya Birere? Tazama, hili si swali la kiufundi tena.

Deni la tatu sikuliona mimi, aliliona dada mmoja aliyekuwa amekaa nyuma. Roketi inarushwa kuelekea mashariki. Vipande vyake vilivyokwisha kazi vinadondoka. Vinamdondokea nani? Tukafungua ramani. Kutoka Goma kwenda mashariki moja kwa moja unavuka Rwanda, kona ya Tanzania, Ziwa Viktoria, Tanzania tena, Kenya, na unaikuta Bahari ya Hindi kaskazini mwa Lamu, zaidi ya kilometa 1,300. Nchi zenye vituo vikubwa vya roketi hupenda bahari au jangwa upande huo kwa sababu hii. Sisi mbele yetu tuna mashamba ya migomba ya watu.

Hadithi ilibadilika yote baada ya hapo. Mhusika mkubwa sasa ni mama anayeuza samaki kwenye kisiwa cha Ziwa Viktoria, anayeamka asubuhi na kukuta silinda ndefu kama ngalawa tatu imelala ufukweni, ikiwa na maandishi ya Kifaransa. Anaanza kuandikiana barua na mhandisi wa Goma. Sijasoma kitu kilichonigusa hivyo kutoka kwa mtu wa miaka kumi na saba.

Mnaniuliza: madeni yana mwisho? Yana. Simama pale ambapo deni halimgusi mtu yeyote aliye katika hadithi. Tangi limetengenezwa kwa aloi gani, nati ina kipenyo gani, hayo mwachie fundi, isipokuwa kama nati hiyo ndiyo itakayovunjika. Nimeona vijana wenye vipaji wakizama hapa, wana madaftari matatu ya vipimo vya chombo na hawana mtu hata mmoja ndani yake.

Neno moja kuhusu ziwa, kwa kuwa wengi wanaoandika kutoka hapa wanalitumia kama bomu. Mnaandika kibiriti kinaangukia majini na ziwa zima linawaka kama petroli. Gesi iliyoyeyuka kwenye maji ya kina haiwaki. Hatari yenyewe ni gesi kupanda kwa wingi ghafla, na muuaji angekuwa kaboni dayoksaidi, kimya, akitambaa kwenye mabonde. Ziwa Nyos nchini Kamerun lilifanya hivyo tarehe 21 Agosti 1986 na likaua watu wapatao 1,700, wengi wakiwa usingizini. Ukiandika jambo hili, andika kwa uzito wake. Kuna watu milioni kadhaa wanaoishi kandokando ya ziwa hili, wengi wakichota maji yake kwa bidoni kila asubuhi, na baadhi yao watakusoma.

Piga hesabu, kisha uifiche

Shuleni kwetu kulikuwa na nakala ya *De la Terre à la Lune* ya Jules Verne, iliyotoka mwaka 1865. Watu wanarushwa kwenda mwezini kwa mzinga wenye urefu wa futi 900, yaani mita 274 hivi. Mwanafunzi wa kidato chochote cha fizikia anaweza kuipima: ili utoke mzingani kwa kasi ya kilometa 11 kwa sekunde, ndani ya mita 274, unasukumwa kwa nguvu zaidi ya mara 22,000 ya uzito wako. Abiria wangekuwa utando sakafuni. Lakini kitabu kinasomwa hadi leo, na mimi ninakipenda. Kwa nini? Kwa sababu mwandishi aliliona deni. Aliwawekea abiria tabaka za maji za kupokea kishindo. Hazitoshi hata kidogo, lakini unaposoma unahisi uko na mtu aliyekaa akahesabu, aliyewahurumia abiria wake. Msomaji humsamehe aliyejaribu kulipa.

Kwa hiyo hesabu zako zifanye hata kama ni mbili tatu tu. Umbali kwa kasi, upate muda. Watu mara chakula. Na ile ya ukubwa, ambayo vijana wanaikosea kila mwezi: mbuzi akikuzwa mara kumi kwa urefu, upana na kimo, uzito wake unakuwa mara 1,000, lakini eneo la mifupa inayombeba, ukiikata katikati, linakuwa mara 100 tu. Miguu itavunjika. Akitaka kuishi awe na miguu ya tembo, na hapo si mbuzi tena, ni mnyama wako mpya, mpe jina.

Ukishapata jibu, lizike ndani ya tendo. Linganisha. Mmoja aliandika:

"Kama mnavyojua," alisema kapteni, "mawimbi ya redio huenda kilometa 300,000 kwa sekunde, na kwa kuwa Mirihi iko mbali, ujumbe utachukua dakika 14."

Nani anayezungumza hivyo na watu anaoishi nao? Hesabu ni sahihi; kati ya dunia na Mirihi ujumbe huchukua dakika kama 3 hadi 22 kutegemea sayari ziko wapi. Tukaiandika upya pamoja:

Sauti ya mama ilitoka kwenye simu: "Furaha, umekula?" Furaha alikuwa anakula wakati mama anaiuliza. Sasa alikuwa amekwisha kuosha sahani na kuzima taa ya jikoni. "Ndiyo, mama," akajibu, akijua kwamba jibu lake litamkuta mama yuko njiani kwenda soko la Virunga, amebeba kikapu, simu imo ndani ya kitenge.

Hakuna namba, ila dakika 14 zimo. Na mtu yeyote aliyewahi kuwa na ndugu ng'ambo, anayetuma sauti usiku na kujibiwa asubuhi, anaijua hali hiyo kifuani.

Madini ya ajabu yana mchimbaji

Hili ninalisema kwa sauti zaidi nikiwa hapa kuliko ningekuwa kwingine. Hadithi nyingi za anga zina jiwe fulani la ajabu linaloendesha kila kitu, nalo linatokea tu, limekwisha kusafishwa, linang'aa mezani. Sisi wa Kivu hatuwezi kuandika hivyo. Koltani inatoka Rubaya, kule Masisi, kwenye mabega ya watu, na ndani yake kuna tantali inayokaa kwenye vipande vidogo vya umeme ndani ya simu unayosomea maneno haya. Kati ya shimo na simu kuna mchimbaji, mbebaji, mnunuzi, mwenye stempu, mwenye bunduki, na lori lililokwama kwenye matope ya Sake.

Basi sayari yako ikiwa na jiwe la ajabu, liwe na shimo. Shimo lina maji ya kutoa na mbao za kuzuia udongo. Mvua ikinyesha siku tatu, mtu mmoja anasema leo tusishuke, na mwingine ana watoto wenye njaa. Kama hujui jiwe lako linachimbwaje, huijui sayari yako bado, hata kama umeichorea bendera.

Mahali ambapo fizikia si sheria

Bibi yangu alinisimulia kwamba ndani ya Nyiragongo wamo wafu waliokosea, wanapika humo bila kumaliza. Hakuna kemia hapo, na nisingethubutu kuisahihisha. Ukiandika hadithi ya namna hiyo katika mwaka 2300, na mizimu ikasafiri na meli ya anga, vizuri sana. Ila bibi alikuwa na sheria kali: wafu hawa hawatoki mchana, hawavuki ziwa, na hawajibu mara mbili. Katika miaka yote sikumsikia akiivunja hata moja ili kumwokoa mhusika. Kazi ni ile ile. Andika sheria za mizimu yako kwenye daftari, ukurasa ule ule wa uongo wako.

Msomee mtu anayejua

Usiishie kwa waandishi wenzako. Wanasamehe haraka na wanakosa mambo yale yale unayokosa wewe. Kama kuna boti, msomee mvuvi. Kama kuna mzigo, nenda ukamsomee kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anapopumzika chini ya mti, atakwambia mzigo unafungwaje ili usikuangushe mteremkoni. Kama kuna mgonjwa, mtafute muuguzi. Soma kwa sauti, usieleze lolote, na uangalie ni wapi mikono yao inasimama. Usijitetee. Andika tu mahali hapo kwa kalamu nyekundu.

Mimi nilirudi kwa Shangazi baada ya mwezi. Safari hii msichana wangu, anapoona moto wa taa yake unafifia karibu na ardhi, anajua gesi imefika. Anambeba mdogo wake mabegani, anapanda jiwe refu la lava kuukuu, na wanakaa juu hapo hadi asubuhi, upepo unapoanza. Anaimba ili mtoto asilale na kuteleza. Nilisoma hadi jua la mwezi ule linapochomoza.

Shangazi alikuwa anamenya ndizi. Hakusema kitu kwa muda mrefu, nikadhani amekubali.

"Sawa," akasema. "Na ule mbuzi wao? Ulisema jioni walimufunga kule chini."

Nikafungua daftari.